Uyoga wa Marinda

Třebíč, 9 Septemba

Bibi Hedvika mpendwa,

Shikamoo. Nimejaribu kukupigia simu lakini Mama anasema unaiweka kwenye droo ya vijiko, kwa hiyo naandika. Sisi ni wazima. Paka amemeza soksi ya Baba, na daktari anasema tusubiri.

Nina jambo, Bibi, na kwangu ni kubwa. Mwakani namaliza shule ya msingi na ninataka kwenda shule ya sanaa kule Brno. Wanachukua wachache sana. Tena mtu anaruhusiwa kuomba fani moja tu: uchoraji wa vitabu, au uchoraji wa michezo ya kompyuta. Ukikosa, umekosa, hawakuhamishii kwenye ile nyingine. Mama hanikatazi, ila ameshaniulizia nafasi kwenye shule ya biashara hapa mjini. Nikikosa Brno nitajifunza kuandika hati za malipo. Sina ugomvi na hati za malipo, lakini nikizifikiria mkono wangu unakufa ganzi.

Mwisho wa Novemba wanataka jalada la michoro, pamoja na insha ya ukurasa mmoja: linganisha mitindo ya wachoraji wawili unaowajua vizuri. Januari wanatuita kwenye mtihani wenyewe. Mchoraji wangu wa kwanza ni wewe, ndugu wa bibi yangu, ambaye kitabu chako cha uyoga kipo katika kila nyumba ya mtaa huu. Mimi nilijifunzia kusoma kwenye kurasa za sumu. Naomba unieleze: inakuwaje uyoga wako unatambulika kuwa ni wako hata jina likifichwa?

Mchoraji wa pili bado sijamchagua.

Mjukuu wako,
Apolena


Lhotka, 17 Septemba

Apolena,

Marahaba. Mwambie baba yako avue soksi mbali na paka.

Unaniuliza mtindo wangu ni upi. Sikuwahi kuwa na mtindo, nilikuwa na mhariri. Alikuwa mtaalamu wa uyoga, mwembamba kama kalamu, na alikuja kila Ijumaa na kioo cha kukuzia. Nikiweka kivuli kizuri chini ya kofia, anasema, "Mama Hedvika, hiki ni kivuli au ni ugonjwa wa uyoga?" Nakifuta. Nikiweka jani la kupendeza pembeni: "Jani hili linaliwa?" Nalifuta. Miaka ilipita, nikabaki na ulichokiona kitabuni: uyoga mmoja, karatasi nyeupe, mwanga kutoka kushoto, na nusu yake iliyopasuliwa kwa kisu. Mtu akiona jambo lililofutwa kwa uangalifu, anasema huo ni mtindo.

Na uyoga huo mmoja si mmoja. Nakusanya kikapu kizima, naweka mezani, na nachora yule ambaye wote wangetaka kuwa. Kwa hiyo picha yangu ni ushahidi, wala si kumbukumbu. Mtu anaketi nayo mezani, mkono mmoja ameshika kitabu na mwingine ameshika chakula cha jioni, na picha inamwambia: kula, au tupa.

Zoezi lako: chora masák, yule uyoga wa kahawia anayegeuka mwekundu akikwaruzwa. Najua unampenda, ukimkaanga kwa unga wa mkate ana ladha ya nyama. Lakini umchore ukijua kwamba ana ndugu muuaji, yule anayeitwa uyoga wa chui milia. Wanafanana kama pacha. Tazama sketi iliyo kiunoni mwa mguu. Masák amevaa sketi ya marinda. Muuaji amevaa sketi iliyopigwa pasi, laini, haina rinda hata moja. Rinda ndilo maisha, mjukuu wangu.

Na huyo mchoraji wa pili, chagua mtu wa maana. Asije akawa yule Ctibor wa mjomba wako, na michezo yake ya kompyuta. Krismasi iliyopita, mbele ya samaki wangu, alisema uyoga wangu unafanana na wafungwa waliopigwa picha polisi. Mbele, ubavu, na namba chini. Watu wakacheka mpaka miiba ikawakwama. Nikamwambia wake ni peremende za kibanda cha stesheni. Tangu siku hiyo tunasalimiana kupitia kwa watu.

Bibi yako,
Hedvika


Brno, 2 Oktoba

Mdogo wangu Apolena,

Salamu kutoka kwenye kiti ambacho kimechukua umbo langu. Umeniandikia kwa posta, nami nakujibu kwa posta, ingawa mkono wangu ulishasahau kalamu. Utaona mwenyewe mwandiko. Usimwonyeshe mwalimu.

Nimefurahi kwamba umenichagua kuwa mmoja wa wachoraji wako wawili. Hukuniambia mwingine ni nani. Sawa, nitakisia baadaye.

Unauliza kazi yangu inatofautianaje na ya mchoraji wa kitabu. Nikueleze hivi. Mchoraji wa kitabu ana msomaji aliyeketi na chai. Mimi nina mchezaji anayekimbia, nyuma yake dubu, mbele yake daraja limekatika, na mama yake anamwita aje kula. Nina muda wa kupepesa jicho. Kwa hiyo kwanza nachora umbo lote kwa rangi nyeusi tupu, kama kivuli ukutani. Nikishindwa kulitambua hapo, nalitupa, hata kama nimelipenda. Kisha rangi: rangi ya joto inasema njoo, rangi ya baridi inasema kaa mbali. Mwisho ndipo vitu vidogovidogo, na hapo kazi ni kuviondoa, kwa sababu picha ikiwa ndogo kama ukucha, mistari myembamba yote inageuka vumbi.

Tena kuna jambo ambalo wa vitabu hawalijui. Uyoga wangu una mgongo. Una chini. Mchezaji anaweza kuuzunguka kama mbuzi wa mnadani, na kila upande lazima uwe mzuri. Na si wa kwangu peke yangu: mmoja anaufinyanga, mwingine anaupaka rangi, mwingine anauwekea mwanga. Mtindo si wa mtu, ni wa nyumba nzima. Siku ya kwanza ukiona wengine wanaugusa uyoga wako unataka kulia. Siku ya mia unauliza tu, "Nani ameuharibu safari hii?"

Nakutumia picha ya masák wetu. Katika mchezo wetu mpya, utakaotoka Februari, ukimla unapona majeraha yote. Iga umbo lake upendavyo. Usimwonyeshe tu Bibi Hedvika. Aliniita muuza peremende mbele ya ukoo mzima.

Kaka yako,
Ctibor


Třebíč, 20 Oktoba

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Soksi imetoka. Baba ameifua na anataka kuivaa, Mama amekataa.

Nakutumia karatasi yangu bora ya jalada. Nimechora masák mara kadhaa kwa njia yako: mwanga kutoka kushoto, nusu iliyopasuliwa, bila kivuli. Nilifuta sana mpaka karatasi ikatoboka. Kisha nilijaribu kitu kingine. Nilianza na umbo jeusi, nikalijaza rangi za joto, nikaondoa kila mstari usiosaidia. Nimeandika chini yake kwa herufi nzuri: "Masák. Unaliwa." Nadhani safari hii nimeunganisha mambo mawili mazuri, na mwalimu wangu wa sanaa amesema kwa karatasi hii naweza kuwa na matumaini.

Naomba uniambie ukweli.

Mjukuu wako,
Apolena


Lhotka, 26 Oktoba

Apolena,

Ukweli ni kwamba umeua watu.

Nilifungua bahasha, nikaegemeza picha kwenye birika, nikaenda kutafuta miwani. Nikiwa upande wa pili wa jikoni, bila miwani, nikasema kwa sauti, "Ah, masák!" Nakwambia hili kwanza kwa sababu ni kweli na linaniuma. Uyoga wangu mwenyewe siutambui kutoka mlangoni. Wako ulinipungia mkono.

Halafu nikavaa miwani. Sketi haina marinda! Umeipiga pasi! Huyo uliyemwandikia "unaliwa" ni yule wa chui milia, Apolena, na ni mzuri mno, ananenepa, anatabasamu, anasema njoo. Sijawahi kuona muuaji mwenye adabu namna hii.

Huko Brno wanaokaa mezani kupima michoro ni watu wa nchi hii. Huenda hawajui mwanga, huenda hawajui rangi, lakini uyoga wanaujua. Ukiipeleka karatasi hii, hawatazungumza sanaa. Watatafuta simu wamwite daktari. Hutaki kukosa nafasi yako kwa sababu ya sketi.

Aliyekufundisha umbo hilo ana jicho. Aliyekufundisha kuondoa marinda hajawahi kupika. Nina hofu kwamba ni mtu mmoja, na nina hofu kwamba namjua. Sitakuuliza.

Bibi yako,
Hedvika


Třebíč, 30 Oktoba

Kaka Ctibor,

Salamu. Sijui nianzie wapi, kwa hiyo naanzia penye ubaya. Masák wenu si masák. Sketi yake ni laini, na laini ni ya yule mwenye sumu. Mchezaji wenu akiumia, mnamponya kwa sumu.

Si mimi niliyegundua. Mimi niliiga bila kutazama. Aliyegundua ni Bibi Hedvika, kwa sababu mchoraji wangu wa kwanza ni yeye. Hakuiona picha yako, aliona yangu tu, lakini nadhani amekisia. Nisamehe. Nilinyamaza kwa wote wawili kwa sababu niliwahitaji wote wawili, na nilidhani kila mmoja akijua kuhusu mwenzake atafunga mlango.

Kama umekasirika, kasirika baada ya kurekebisha mchezo.

Mdogo wako,
Apolena


Brno, 5 Novemba

Bibi Hedvika,

Shikamoo. Ni mimi, muuza peremende.

Apolena ameniambia kuhusu sketi. Nilicheka, nikasema mtoto anatania. Kisha nikaipeleka picha kwa wenzangu wakati wa chakula cha mchana. Bibi, tuko zaidi ya ishirini pale, na kila mmoja ana mama. Ndani ya dakika chache kulikuwa na kelele kama sokoni. "Nani alimchora huyu?" "Ctibor!" "Ctibor, kwenu mlikuwa mnakula nini?" Mfinyanzi wetu, ambaye hajawahi kuinua sauti, alisema kama mchezo ungetoka hivyo angehamia nchi ambayo watu hawaokoti uyoga.

Marinda niliyaondoa mwenyewe. Yalikuwepo kwenye rasimu ya kwanza, mengi, membamba, na picha ilipopunguzwa yakawa uchafu. Sasa nakuuliza kama fundi anavyomuuliza fundi: ni marinda mangapi yanatosha? Siwezi kuweka yote. Nipe idadi ndogo kabisa ambayo bado wewe utasema huyu analiwa.

Na swali la pili, ambalo kitabu chako hakinijibu, nimekigeuza chote. Katika mchezo wetu kamera inatazama kutoka juu, kama mtu anayetembea. Kwako kila uyoga umesimama wima, ubavu. Kutoka juu, huyu na yule unawatenganishaje?

Kuhusu wafungwa wa polisi: samaki alikuwa mtamu, na mimi nilikuwa mjinga.

Mjukuu wako,
Ctibor


Lhotka, 11 Novemba

Ctibor, mkorofi wewe,

Marahaba.

Marinda matano. Nimeketi siku mbili na wino na karatasi ndogo kama stempu, nikiyapunguza moja moja. Kwa matano bado ni sketi. Kwa manne ni ngozi iliyokunjamana. Lakini yawe manene, na yaanzie juu kabisa kwenye mguu. Nimekuwekea vipande ndani ya bahasha. Sijawahi kufanya zoezi la kipuuzi namna hii, na nilisahau kula.

Swali lako la pili limenikera siku zote hizi. Nimetoka, nimesimama, nimetazama. Mvua ikishaosha magamba kwenye kofia, kutoka juu hujui. Mimi sijui. Miaka arobaini nimemchora uyoga kama anavyoonekana akiwa tayari amekwisha kung'olewa, na hakuna mtu aliyeniuliza anaonekanaje akiwa bado amesimama. Mhariri wangu angekupenda. Angekuudhi, lakini angekupenda.

Sasa kuhusu mtoto. Alituficha kila mmoja habari za mwenzake, na alikuwa na haki. Wewe utataka aombe fani yako, mimi nataka aombe yangu, na tukimwandikia sasa hivi, kila mmoja atamvuta kwa mkono wake mpaka mshono uachie. Napendekeza tunyamaze mpaka apeleke jalada lake. Usimdokeze lolote. Nakujua mdomo wako.

Bibi yako,
Hedvika


Třebíč, 24 Novemba

Bibi mpendwa, na nakala kwa Kaka Ctibor, kila mmoja kwa bahasha yake,

Shikamoo Bibi. Salamu Kaka.

Niliwaandikia wote wawili kukiri, na hamjanijibu, wala mmoja. Kila siku natazama sanduku la barua, na mama wa posta ameanza kunihurumia. Jana alinipa kalenda ya mwaka ujao bure. Nafikiri mmenikasirikia, na mna sababu.

Jalada linaondoka Ijumaa. Fani nimeshaichagua. Siwaambii ni ipi, maana mmoja wenu atasikitika, na nikikosa nitakuwa nimemsikitisha bure. Kuna karatasi moja bado sijaimaliza. Juzi mvua ilipoacha nilipanda kwenye msitu wa nyuma ya shule kutafuta uyoga wa mwisho wa mwaka, nikaona kofia moja ya rangi ya kahawia kati ya majani, nikasimama. Sikuinama. Nilitoa penseli.

Hata mkinyamaza, asanteni.

Apolena


Třebíč, 30 Januari

Bibi Hedvika na Kaka Ctibor,

Nawaandikia kwenye karatasi moja, kwa sababu Mama amenipasulia siri: Kaka anakwenda Lhotka kila Jumapili, anakula, na mnabishana mpaka basi la mwisho. Kumbe kimya chenu kilikuwa cha watu wawili! Nililia bure kwenye sanduku la barua. Bibi, Kaka akusomee, maana najua miwani iko mahali usipopajua.

Mtihani ulikuwa hivi. Kwanza tulichora baiskeli iliyotundikwa darini, asubuhi nzima. Kisha waliniita mbele ya meza. Walikuwa watatu: mwalimu mwenye ndevu, mwalimu wa kike mwenye skafu ya kijani, na mkuu wa shule katikati. Walitandaza karatasi zangu tatu za mwisho. Ya kwanza ilikuwa masák kwa njia ya Bibi. Ya pili kwa njia ya Kaka, na nilimrudishia marinda, manene, niliyahesabu kwa kubahatisha. Ya tatu ilikuwa ile ya msituni: majani yaliyolowa, kofia moja ya kahawia isiyo na magamba, imeonwa kutoka juu, na ncha za viatu vyangu chini ya karatasi.

Mwenye ndevu aliisukuma ya tatu kwa kidole. "Huyu ni masák. Siagi, kisibiti, basi."

"Masák nini!" mwenye skafu akamjibu. "Ukimla huyo, vipindi vyako vya Jumatatu nitavifundisha mimi."

"Mwenzangu, mimi naokota uyoga tangu wewe hujajua kuvaa viatu."

"Na bado uko hai? Kweli Mungu ana subira."

"Jamani," mkuu akasema, "tuko kwenye mtihani." Kisha mkuu mwenyewe akaisogeza karatasi karibu na pua. "Ila hapa ukingoni naona kama wekundu kidogo, wa masák."

"Wapi wekundu? Hiyo ni karatasi!"

Nilikuwa nimesimama pale, mikono nyuma, nikifikiria hati za malipo. Nilidhani Bibi ulisema kweli, kwamba hawatazungumza sanaa. Hatimaye mkuu akaniangalia.

"Binti, uliyeuchora ni wewe. Tuamulie. Unaliwa au hauliwi?"

"Sijui, Mwalimu."

"Umeuchora na hujui?"

Hapo nilisema yale niliyoyaandika kwenye insha. Nilisema kuna mchoraji anayemchorea mtu aliyekwisha kuchuma na kuketi. Mkono wake ni wa subira, hufuta mpaka ukweli ubaki peke yake. Kuna mwingine anayemchorea mtu anayekimbia. Mkono wake hupiga kelele kwa furaha, ili mtu asikie akiwa mbali. Nawapenda wote wawili na nimewaiga wote wawili, na ndiyo maana karatasi mbili za kwanza ni zao, si zangu. Mimi namchorea mtu aliyesimama, ambaye bado hajajua. Akitaka kujua, lazima ainame atazame chini ya kofia.

Mwenye skafu ya kijani akauliza, "Na kwenye karatasi ataweza kuinama?"

Bibi, hapa naomba usinikasirikie. Nilisema, "Hawezi. Ndiyo maana nimeomba fani ya michezo."

Mkuu aliandika neno, sikuona ni neno gani. Mwenye ndevu alinirudishia karatasi zangu, na kwa sauti ya chini akasema, "Lakini ni masák." Nikatoka.

Nilisubiri, na kusubiri kulikuwa kubaya. Mama aliniambia shule ya biashara ina madirisha makubwa. Baba alisema baiskeli yangu ilikuwa nzuri, ingawa hakuiona. Sikuwaandikia kwa sababu sikutaka kuwa na matumaini kwa maandishi.

Barua imefika asubuhi hii. Mama ameifungua kwa kisu cha mkate, amesoma akiwa amesimama, kisha amekaa. "Basi itabidi nikawaombe radhi wale wa shule ya biashara," amesema, na amefuta macho kwa taulo la vyombo, na sasa ana unga usoni mpaka kwenye nyusi.

Nimepokelewa.

Nimeisoma mwenyewe ili niamini. Ni karatasi ya kawaida, herufi za mashine, jina langu na fani yangu. Lakini pembeni, kwa kalamu ya kijani, mtu ameongeza mstari mmoja kwa mkono:

"Njoo Septemba. Lete buti za msituni."

Wenu,
Apolena